Orodha ya Watakaolala Mwambani

Nchi yetu ina jina, ila kwa sasa sitalitaja, maana liko mezani kwa kamati inayolipitia upya. Kamati ilianza kazi mwaka nilioajiriwa mimi, na inaendelea vizuri. Niite karani tu. Nimekaa Wizara ya Milima, Mabonde na Utulivu miaka ishirini na miwili nikiandika mihtasari ya vikao, na katika muda wote huo sijaona Wizara ikikosea. Nimeona milima ikikosea, nimeona mabonde yakikosea, na mvua ndiyo usiseme. Wizara, hapana.

Kwa hiyo nitakayosimulia yasieleweke vibaya. Wapo watu wenye midomo watakaodai kwamba naisema Serikali. Mimi naeleza tu kilichotokea, kwa mpangilio wake, kama nilivyofundishwa kazini.

Mwambani ni kijiji kilichojibanza chini ya mlima wenye kichwa cha mwamba. Mwamba ule umezeeka, na kila masika unamwaga mawe. Mengine yanalingana na kikapu, mengine na jokofu, na mara moja moja hushuka moja lenye ukubwa wa kibanda cha mlinzi. Kati ya mwamba na nyumba za watu upo msitu. Jiwe linashuka, linagonga mkenge, linaruka, linagonga mti mwingine, nguvu zinaliishia, linasimama. Ndivyo watu wa kule walivyoishi tangu babu zao, na hawakuwahi kuomba kibali.

Wana desturi yao. Jiwe likisimama, wanatoka wanapiga hesabu kwa macho: lingeendelea, lingeishia kwa nani? Mwenye nyumba hiyo anapanda mlimani na kopo la chokaa, analiandika lile jiwe jina la nyumba yake, kisha anaushika mti uliolizuia na kuuambia ahsante, kwa sauti, majirani wasikie. Bibi harusi akiletwa kijijini, kabla hajaonyeshwa jiko anapandishwa kuonyeshwa mawe ya nyumba yake. Ukikata mti wenye jiwe hupelekwi popote. Watu wanaacha kukusalimia, basi. Bwana mmoja alikata mmoja akachanie mbao za dari, akakaa miaka minne bila kuitikiwa shikamoo, mwisho akafunga virago mwenyewe.

Anayetunza chokaa ni Bi Namkunda, mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya korongo. Hakuzaliwa Mwambani. Alihamia kutoka Kisimeni, kijiji kilichokuwa chini ya mlima wa pili yake, ule ambao Wizara iliusafisha miti yote miaka sita iliyopita na kuupa jina la Kilima cha Maendeleo. Kisimeni sasa hakuna mtu. Daftari la Wizara linasema kwamba wananchi wa Kisimeni walihama katika masika ya pili bila kutoa taarifa, nyumba arobaini na moja kwa mpigo. Tuliwaandikia barua ya onyo.

*

Mambo yalianza Mheshimiwa Waziri aliporudi kutoka kongamano. Waziri wetu ni Mheshimiwa Dokta Tindwa Galikano, mtu mnene wa sauti na wa mwili, anayependa kusema "kisayansi" hata akiagiza chai. Huko kongamanoni alikuta kila nchi ina modeli ya milima yake, akaona haya. Akaahidi jukwaani kwamba nasi tunayo. Ndege ilipotua akaagiza itengenezwe.

Kazi akapewa ndugu Lufingo, mtaalamu wa miteremko, mtu mpole, mwenye viatu vya tope muda wote. Alinieleza modeli ni nini, nami nikaelewa, sembuse wewe. Unauchukua mlima mzima unauingiza kwenye kompyuta kwa namba: ukali wa mteremko, unene wa kila mti kwenye usawa wa kifua, umbali wa mti na mti, uzito wa jiwe. Kisha unaliachia jiwe la kompyuta kutoka juu, na kompyuta inakuambia litaishia wapi. Unaliachia mara elfu kumi na hakuna anayeumia.

Alikaa Mwambani miezi minane. Alipima kovu la kila mti, urefu wake kutoka chini na kina chake. Aliwaomba watu watoke majumbani akasukuma mawe ya kweli akiyatazama yanavyoruka. Na penye kila jiwe la zamani alikuta jina la chokaa, akaliingiza nalo. Aliniambia hajawahi kuona takwimu zilizotunzwa vizuri namna ile, na kwamba zimetunzwa na watu ambao kwenye nyaraka zetu tunawaita "wasio na uelewa".

Majibu ya modeli yalikuwa mepesi. Msitu ukiwepo, katika mawe kumi, tisa yanasimama mlimani. Msitu ukikatwa, katika mawe kumi, tisa yanafika kwa watu, na yatapiga nyumba thelathini na moja, ikiwemo shule. Masika ya pili, mizizi ikishaoza, udongo wenyewe unaachia unafuata. Lufingo aliyaandika hayo katika ripoti ya kurasa mia na kumi, na ukurasa wa mwisho akachora ramani ya rangi kwa ajili ya viongozi.

*

Kikao cha kupokea ripoti kilifanyika saa tatu asubuhi, na kikaanza saa sita. Lufingo akawasha ramani ukutani.

"Haya madoa mekundu ni nini?" akauliza Waziri.

"Ni mawe, Mheshimiwa. Yale yaliyosimama mlimani."

"Na haya ya kijani?"

"Miti."

Waziri akasimama, akaenda karibu na ukuta, akavaa miwani. Alitembeza kidole kutoka doa hadi doa kwa muda mrefu. Katibu Mkuu naye akavaa miwani yake.

"Naona kila doa jekundu limelala ubavuni mwa doa la kijani."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hilo ndilo jambo lenyewe."

"Nionyeshe Kilima cha Maendeleo."

Lufingo akabonyeza. Ukuta ukawa mweupe, safi, hauna doa hata moja.

"Miti?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Ilikatwa."

"Mawe?"

"Hayapo, Mheshimiwa, kwa sababu yali—"

"Inatosha," akasema Waziri, akakaa. Alifuta jasho. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike. "Waheshimiwa, kisayansi kabisa, tumelipata. Penye miti pana mawe. Pasipo miti hapana mawe. Miaka yote tunahangaika na mwamba, kumbe wahifadhi wa mawe ni miti."

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga makofi kwa mkono mmoja juu ya meza, maana mwingine ulikuwa unaandika.

"Mheshimiwa," akasema Lufingo, "pale Kilima cha Maendeleo mawe hayapo mlimani kwa sababu yalipita. Hakukuwa na cha kuyazuia. Yalishuka mpaka Kisimeni."

"Yalipita?"

"Yalipita."

"Kilichopita kipo au hakipo?"

Lufingo akairudisha ukutani ramani ya Mwambani.

"Na Kisimeni," akaendelea Waziri, "tangu msitu usafishwe tumepokea malalamiko mangapi?"

Katibu Mkuu akafunua jalada. "Masika ya kwanza sabini na tatu, Mheshimiwa. Baada ya masika ya pili, hakuna hata moja."

"Andika hilo," Waziri akaniambia. Nikaliandika.

Ndipo likatolewa Tamko la Wizara Namba Nne, kwamba msitu wa Mwambani unahifadhi mawe kinyume cha maslahi ya umma, hivyo uondolewe kabla ya masika. Magogo yangepelekwa kwa uangalizi wa muda kwenye kiwanda cha mbao cha shemeji yake Waziri, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na nafasi. Lufingo alipewa siku mbili kuirekebisha modeli iendane na Tamko.

Siku ya tatu alikuja ofisini kwangu na viatu vyake vya tope. Akaketi.

"Nimejaribu, kaka," akaniambia. "Modeli inafuata mteremko. Haijui Waziri ni nani."

Wiki ile ile akahamishiwa Idara ya Tambarare, huko kusini, ambako hakuna kinachoweza kushuka popote. Kabla hajaondoka alipita Mwambani kuaga, na nasikia alimwachia Bi Namkunda nakala ya majedwali yote, nyumba kwa nyumba. Hilo si kosa. Takwimu zilikuwa zao.

*

Sasa, nchi yetu ni ya kidemokrasia, na hapa ndipo wageni wengi hutuhusudu. Msitu haukatwi mpaka wananchi waridhie. Wananchi wakija mkutanoni wanasaini karatasi ya mahudhurio, na kwa kuwa sheria yetu inaamini mtu hawezi kuhudhuria jambo asilolikubali, sahihi ya mahudhurio ndiyo ridhaa. Maelezo ya walichoridhia yanaandikwa kwenye ukurasa wa juu, ambao hubandikwa baadaye ofisini, kwa utulivu. Kila anayesaini anapewa soda.

Tulifika Mwambani saa nne asubuhi, magari kumi na mawili, lori la misumeno ya mashine na lori la soda. Hema la wageni waalikwa lilisimamishwa uwanjani, chini kidogo ya nyumba za mwisho. Watu walikuwa tayari wamejaa, si chini ya mia sita. Wazee, kina mama wenye watoto mgongoni, walimu, na vijana wamekaa juu ya ukuta wa shule. Nikatandaza karatasi ya mahudhurio mezani, nikaweka kalamu nne zilizofungwa kamba, nikasema, "Karibuni msaini."

Hakusogea mtu.

Nikadhani hawajanisikia. Nikarudia. Mama mmoja mbele yangu akanitazama vizuri tu, bila chuki, akamhamishia mwanawe bega la pili. Kreti za soda zilikuwa zinatoa jasho pale juani. Mwanamume mmoja alizikodolea macho, mkewe akamfinya, akageuza uso akatazama mlima. Ilipofika saa sita karatasi yangu ilikuwa nyeupe.

Mambo ya namna hii yanaleta ugumu wa kiutaratibu ambao watu wa nje hawawezi kuuelewa. Kwa mujibu wa karatasi, uwanja ule haukuwa na mtu. Kamanda wa polisi wa wilaya alimnong'oneza Waziri kwamba anaweza kuwatawanya. Mwanasheria wetu akanong'ona sikio la pili kwamba watu ambao hawapo hawatawanyiki, na kwamba tukiandika kwamba wapo itabidi tuandike pia walichosema. Waziri alitafakari, akaamua kuhutubia hivyo hivyo.

"Ndugu wananchi wa Mwambani," akawaambia watu ambao hawakuwepo, "Serikali yenu sikivu imesikia kilio chenu kuhusu mawe. Imefanya utafiti. Imetengeneza modeli, ya kwanza katika ukanda huu na pengine katika ulimwengu. Na modeli, kisayansi, imewataja wahusika. Kwa miaka mingi miti hii imeyapa mawe kivuli. Imeyapa mahali pa kujiegemeza. Imeyafanya mawe yajione yako nyumbani. Leo nasema basi. Leo tunaanza kukata, na kuanzia leo hamtaliona jiwe limekaa mlimani tena."

"Hilo kweli," ikasikika sauti kutoka ukutani, na uwanja mzima ukacheka. Nilifurahi kidogo, maana mkutano mkavu unachosha mwandishi.

Ndipo Bi Namkunda akasogea mbele. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kwa kukaza, na mkononi ana daftari la shule lenye jalada la bluu. Aliinama kidogo kwa heshima.

"Shikamoo Mheshimiwa, ingawa mimi mkubwa. Nakupa kwa cheo."

"Marahaba, mama. Umekuja kusaini?"

"Nimekuja na karatasi yetu, nanyi msaini."

Waziri akatabasamu. Ana tabasamu maalumu la vijijini. "Karatasi ya nini, mama?"

"Ya kulala. Sisi hatubishi, Mheshimiwa. Mmesema mawe yanaletwa na miti, na ninyi mmesoma. Kateni. Lakini masika yanaanza wiki ijayo, nasi tumeona si adabu Serikali itufanyie jambo kubwa namna hii halafu irudi mjini haraka. Tumewaandalia nyumba. Modeli yenu imetaja nyumba thelathini na moja, na leo mmekuja viongozi thelathini na mmoja. Tumehesabu magari yakishusha. Mtalala miezi mitatu, masika yaishe. Sisi tutakwenda kukaa kwenu, tunaambiwa ni tambarare."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Aliweka daftari mezani juu ya karatasi yangu na kulifungua. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, na mwandiko ulikuwa wa mwalimu.

"Tumepanga kwa vyeo, ili mtu asivunjiwe heshima," akasema. "Nyumba namba moja ni yangu. Jedwali la bwana Lufingo linasema, msitu ukikatwa, itafikiwa na mawe sita msimu wa kwanza. Hakuna nyumba yenye mengi kuliko hiyo. Hiyo ni ya Mheshimiwa Waziri. Namba mbili, mawe matano, Katibu Mkuu. Namba tatu, mawe manne, Kamanda, na pana nafasi ya kuegesha gari mbele, upande wa mlima. Namba nne shule, tumemweka Mkurugenzi wa Misitu, kitanda chake kiko darasani. Vitanda vimetandikwa tangu asubuhi. Maji yako kwenye ndoo. Wapishi tutawaachia."

"Mama, unaitishia Serikali," akasema Waziri.

"Nakaribisha wageni, Mheshimiwa. Kitisho kiko wapi? Jiwe linatoka kwenye mti, mti umekatwa, hilo jiwe la kukupiga wewe litatoka wapi?"

Mimi nikawa nasubiri jibu ili niliandike. Nilisubiri kwa nia njema kabisa. Wizara haijawahi kukosa jibu.

"Mkilala mkaamka salama," akaongeza Bi Namkunda, "mlima mwingine mnaoutaka tutaukata wenyewe, kwa mapanga yetu, na soda zenu mrudi nazo. Atakayesaini kwanza nani?"

Katibu Mkuu alisema ana shinikizo la damu, na daktari amemkataza kulala penye mwinuko. Mkurugenzi wa Misitu alikuwa na harusi ya mpwa wake, ambayo kwa maelezo yake ingechukua miezi mitatu. Kamanda alichunguza buti zake. Mafundi wa misumeno, waliokuwa wamekaa juu ya lori lao wakisikiliza, walimwuliza msimamizi wao hema la kambi yao litafungwa upande gani. Alipowaonyesha, wakashuka wakaanza kulikunja.

Waziri akakohoa. "Serikali," akasema, "haiwezi kulala yote kwa wakati mmoja. Kiutaratibu, inatosha mtu mmoja kulala kwa niaba." Akatazama huku na huku, kisha akanitazama mimi. "Karani. Saini hapo namba moja."

*

Nataka nieleweke. Nilikuwa nimeshasaini kwa niaba ya Waziri mara nyingi kuliko nilivyosaini kwa niaba yangu. Pongezi za harusi, rambirambi za misiba ambayo hakuijua, ahadi za madaraja. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Niliichukua kalamu.

"Mwache kwanza aione nyumba," akasema Bi Namkunda. "Mtu haingii kitanda asichokijua."

Akanipeleka. Haikuwa mbali, hatua kama hamsini kutoka hemani. Nyumba ya vyumba viwili, imefagiliwa, imenyunyizwa maji. Kitandani palikuwa na shuka jeupe lenye mikunjo ya pasi. Dirisha la chumba lilitazama mlima, na mlimani niliona miti, na chini ya miti mawe yenye herufi nyeupe. Niliweza kusoma jina la nyumba ile kwenye matatu bila miwani.

"Mwanangu, wewe nakufahamu," akaniambia. Hakuwa anapaza sauti sasa. "Kisimeni ulikuja. Ulikaa meza kama ile ile. Nilisaini. Ulinipa soda ya machungwa. Binti yangu Navoneiwa alisaini chini ya jina langu, akaniambia, mama, zimebaki za limau tu. Sikujua nasaini nini. Masika ya pili nilikwenda kliniki ya mbali, nikalala huko, na niliporudi palikuwa na udongo. Yeye, mumewe, na watoto wao wawili wadogo. Tulichimba siku tisa tukampata mmoja."

Akalainisha mkunjo wa shuka kwa kiganja.

"Nina hasira," akasema. "Nina hasira mpaka leo, nikila nina hasira, nikisali nina hasira. Wewe sikuchukii. Lakini nataka ukijue kitanda unachosainia. Nyumba yake ilikuwa hivi hivi. Dirisha lilikuwa upande huu."

Nimesema huko nyuma kwamba ukurasa wa juu hubandikwa baadaye ofisini. Sikusema hubandikwa na nani. Ule wa Kisimeni niliubandika mimi, kwa pini mbili, siku ya Ijumaa, nikawahi nyumbani. Na barua ya onyo kwa waliohama bila taarifa, ile niliipiga chapa mimi pia, nikaituma, ikarudi, nikaituma tena. Nilisimama pale chumbani nikiwa nimeshika kalamu. Nilijichukia. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Tuliporudi uwanjani watu walitupisha njia. Waziri alikuwa ameshaingiza mguu mmoja garini.

"Saini tuondoke," akaniambia. "Misumeno ianze."

"Sisaini, Mheshimiwa."

Nilishangaa kuisikia sauti yangu. Katika mikutano ya miaka ishirini na miwili haikuwa imewahi kusikika.

Akautoa mguu garini. "Unasemaje?"

"Nasema sisaini. Na hapa mbele yangu pana watu mia sita, nitawaandika kwamba wapo, na kwamba wamekataa. Nitaandika na sababu."

"Wewe karani unajua unazungumza na nani?"

"Nakujua. Nimekusainia pongezi, nimekusainia rambirambi, nimekusainia na Kisimeni." Niliiweka mikono mezani ionekane. "Kufa, Mheshimiwa, utajisainia mwenyewe. Kalamu hii hapa, namba moja ni yako, kitanda nimekiona, kimetandikwa vizuri."

Niliinyoosha kalamu. Watu mia sita walikuwa wanaitazama, hata wale wa juu ya ukuta walikuwa wamesimama. Mwanamume wa soda alikuwa mbele kabisa. Waziri aliitazama ile kalamu, akatazama daftari la bluu, kisha akafanya jambo ambalo katika hotuba yake yote hakuwa amelifanya siku ile: aliinua macho akautazama mwamba. Aliutazama muda mrefu, ukingo kwa ukingo, midomo inahesabu.

Hakuichukua kalamu.

Misumeno ilipakiwa lorini saa nane na dakika kumi mchana. Magari kumi na mawili yakaondoka, na mimi sikuambiwa nipande. Nikaketi mezani pale pale, nikachukua karatasi ya mahudhurio, nikamwuliza mama wa mbele jina lake. Akanitazama, akamtazama Bi Namkunda, kisha akanitajia. Nikauliza wa nyuma yake. Tuliandika mpaka karatasi zikaisha tukahamia daftari la bluu, na juu, kwenye nafasi ya kilichoridhiwa, niliandika kwa mkono wangu mbele yao wote: *Wamekataa.* Kisha nikasaini chini, Kaniki Mbazigwa, karani, kwa niaba yangu mwenyewe.